Vitumba vya Sevanti Nyuma ya Duka la Ramji

Bustani ya Miche,
Milimani, Usambara.

Mdogo wangu Mwanahawa,

Kosa wanalolifanya watu wengi wanaopanda sevanti ni kushangilia kitumba cha kwanza. Wakishakiona hushika kiuno wakatabasamu, huita majirani waje kutazama, na tangu siku hiyo hawathubutu tena kuugusa mche. Nimelitanguliza neno hili mbele ya salamu kwa makusudi. Najua barua kwako husomwa vipande vipande, mara chungu kimefurika, mara mtu amepiga hodi anataka mchicha. Basi hata ukiitwa sasa hivi, hilo uwe umekwisha kulipata.

Sasa nakusalimu kwa salamu ya dini na ya damu. U hali gani? Goti lile lililokuwa likikusumbua ukichota maji limetulia? Na kisima chenyewe, maji bado matamu, au kiangazi kimeyatia chumvi? Mimi huku sijambo kwa kiasi cha mtu wa umri wangu. Kifua kilinibana kwa sababu ya ukungu, nikalala siku kadhaa nikinywa maji ya tangawizi, kisha nikaamka. Baridi ya huku si ile ya kwetu ya alfajiri moja na kwisha. Hii huingia chini ya blanketi ikakaa kama mgeni asiye na haraka. Chakula chao ni viazi na makande. Samaki wakifika huku wamekwisha safiri mno, hata huwezi kutambua walikuwa samaki gani. Nimezoea. Sisemi kwa kulalamika, nakueleza tu ili ujue ninavyoishi.

Kazi yangu ni ile ile. Naandika majina ya miche kwenye vibao, napokea watu wanaokuja kuichukua, namweleza kila mmoja namna ya kupanda. Wenzangu wananitania kwamba niliacha ualimu lakini sikuacha kufundisha. Mnyapara wetu, Mzee Hoza, Mshambaa mwenye maneno mengi, huwaambia watu, "Ukienda kuchukua mche kwa Mzee Abdallah, beba na chakula cha mchana." Ruhusa ya kuja nyumbani niliiomba, nikajibiwa ningoje hadi masika yapite. Kwa hiyo haya nitakayokueleza, ambayo ningependa kuyafanya kwa mikono yangu pale uwanjani kwako, sitaweza. Itabidi mikono iwe yako.

Barua yako ilifika Ijumaa, nikaisoma mara mbili. Umeandika: "Kaka, furahi pamoja nami. Miche iliyobaki yote imeweka vitumba, na Ramji mwenyewe amekuja akainama akatazama, akasema, 'Haya, Mwanahawa, umenishinda.' Nami nikamwambia angoje makoja." Mwandiko wako umenyooka kuliko zamani, na hilo limenipendeza. Lakini habari yenyewe haikunipendeza, na sababu yake ndiyo barua hii.

Hebu tuhesabu pamoja. Kitumba cha sevanti, tangu kionekane mfano wa punje ya mtama hadi ua lifunguke, huchukua kama mwezi na nusu. Ua likifunguka, kwa joto la huko kwenu Kibiti litakaa wiki mbili, likijitahidi tatu. Wewe umeviona vitumba mwezi huu. Sikukuu ya taa ya Wahindi, ambayo kina Ramji wanaingojea, haiji mwezi ujao. Inakuja mwezi unaofuata huo, vuli ikiwa imeanza, katika usiku ambao mwezi haupo angani. Kwa hesabu hiyo maua yako yatafunguka, yatapendeza, yatasifiwa na kila apitaye kwenda sokoni, yatanyauka, na sikukuu ndiyo kwanza inakuja. Ramji atatoka asubuhi ile na mama yake, akute mabua. Na akisema kwamba hakuna ua, atakuwa amesema kweli.

Nakukumbusha ahadi yake maneno kwa maneno, kwa sababu nilikuwepo, na wewe siku ile ulikuwa na hasira mno, hata sidhani uliisikia yote.

Ilikuwa baada ya masika, siku ya pili tangu niteremke kwenye lori na kile kikapu cha miche. Ramji alikuja uwanjani na kamba ya kupimia. Alitaka kujenga ghala pale pale nyuma ya duka lake, kutoka ukutani hadi kwenye mpapai, na kisima kikiwa katikati. Uwanja ni wao, hilo hatubishani. Marehemu baba yake alimpa marehemu mumeo Shomari autumie, akampa kwa mdomo tu, wakati Shomari alipochoka kukata mikoko kule visiwani akahamia Kibiti. Hakuna karatasi. Kuna kisima tu alichokichimba Shomari, na matuta yako ya mchicha na bamia ambayo yamekulisha tangu ufiwe.

Ulipanda juu ya mawe ya kisima ukasema, "Anayetaka kujenga aanze na mimi."

Ramji amezaliwa pale pale, na Kiswahili chake ni chetu. Akakujibu bila ukali, "Dada Mwanahawa, mimi sikufukuzi. Kisima nitakifunika vizuri, hakitakudhuru."

"Kisima kilichofunikwa ni kaburi, Ramji. Mume wangu kaburi analo tayari."

Mama Ramji alikuwa amekaa kwenye kigoda mlango wa nyuma, anachambua dengu, na nadhani aliuliza habari za kikapu changu ili tu atutoe kwenye ugomvi. Nikamfunulia. Akachukua jani moja, akalifikicha baina ya vidole, akalinusa. Unaijua harufu ile, chungu kama ya dawa. Dengu zote zikamwagika.

"Sevanti!" akasema. "Nani kaleta hii?"

"Mimi, mama. Huko niliko Wazungu huliita krisanthemamu."

"Wao waite watakavyo. Tangu nishuke melini nikiwa bibi harusi sijaiona." Kisha akatueleza kwamba kwao Bara Hindi, asubuhi ya sikukuu ya taa, mlango hauingiwi mpaka utundikwe koja la sevanti na majani ya mwembe. "Majani ya mwembe hapa nimeyapata," akasema. "Sevanti nakata karatasi. Mpaka nimezeeka, nakata karatasi."

Ramji akacheka. "Mama, hilo ni ua la baridi. Kibiti hii hata sisi tunanyauka."

"Likiota?"

"Haliwezi kuota."

"Sikukuuliza kama linaweza. Nimekuuliza, likiota?"

Ramji akaitazama kamba yake, akakutazama wewe juu ya kisima, akasema, "Likiota, na likachanua siku ya sikukuu, na likatosha koja la mlango mzima wa mbele, uwanja huu siugusi. Ghala nitalijenga upande wa barabara."

"Umesema mbele ya mwalimu," mama yake akamwambia.

"Nimesema."

Zingatia basi. Hakusema likiota tu. Alisema siku ya sikukuu, na akasema mlango mzima. Ni masharti mawili, na vitumba ulivyo navyo leo havitimizi hata moja. Vimekuja mapema, na ni vichache, kwa sababu mche umeweka kimoja kila ncha, na ncha hazijawa nyingi. Ramji aliposema umemshinda, nadhani hakuwa na hila. Yeye ni mtu wa duka, halijui ua. Lakini siku ikifika atashika neno lake kama mfanyabiashara yeyote, na mafundi wake wa ujenzi wanangoja.

Kabla sijafika kwenye dawa yake, niseme kidogo juu ya ile miche iliyokufa, maana usipojua kilichoiua, itakayobaki itaifuata.

Umeniandikia kwamba nilipoondoka tu, jirani yako Bi Tausi alisimama penye uzio akacheka: "Binti wa mtoni, leo unapanda mchangani kama mtu wa kuja! Mama yako angekuona!" Nawe ukaona haya, ukawaomba wale vijana wanaotoka Ndundu wakuletee vikapu vya udongo mweusi, ule unaoachwa na mto mafuriko yakishuka, ukaifukia miche hadi shingoni. Wiki chache baadaye nusu yake ikageuka njano kuanzia chini, ukaivuta ikatoka bila mizizi.

Sikulaumu hata kidogo. Sisi tuliozaliwa bondeni hatuamini udongo mpaka ututie tope magotini. Tumekua tukiona maji yanashuka, na watu wanayafuata nyuma wakidondosha mbegu za mahindi katika tope, na mlau ule, kilimo cha nyuma ya mafuriko, unaota bila tone la mvua. Mtu aliyeona hayo tangu utoto, ukimwambia kwamba udongo ule ule unaua, atakuona umesoma ukapitiliza. Lakini udongo ule una nguvu kwa sababu unashika maji, na kwa mahindi hiyo ndiyo sifa. Sevanti ina mizizi myembamba kama nyuzi za kushonea. Inataka maji yapite, haitaki yakae. Yakikaa, mizizi inaoza chini wakati majani juu bado yanakudanganya. Angalia ni ipi iliyopona. Bila shaka ni ile ya pembeni mwa ukuta wa duka, ambako udongo wa vikapu ulifika kidogo tu. Iliokolewa na mchanga wa Kibiti uliouonea haya.

Kwa hiyo uondoe ule udongo mweusi shingoni mwa miche yote. Usiutupe. Changanya kiasi kidogo na mchanga wako mwingi na samadi ya mbuzi iliyokaa hadi ikaacha kunuka, uirudishe hiyo. Mwagilia asubuhi, shinani, si juu ya majani. Kabla ya kumwagilia, tia kidole ardhini. Kikitoka na ubichi, ondoka na ndoo yako.

Umeuliza pia kwa nini nilikuletea yale ya njano madogo, wakati Bi Tausi ameona katika kalenda ya dukani mengine meupe, makubwa kama kichwa cha mtoto. Swali hilo ni zuri na nitalijibu kwa kisa.

Wazungu wanalipenda ua hili kwa sababu kwao kuna majira ambayo joto limekwisha na baridi haijashika. Majani ya miti hugeuka rangi ya kutu yakapukutika, bustani zinakufa, na ua hili ndilo linabaki na rangi. Wakija huku milimani hutaka bustani zao ziwe vile vile. Ndiyo maana tunalo kwa aina nyingi: njano, jeupe, rangi ya damu ya mzee, rangi ya shaba. Mzee Hoza amekaa nalo miaka mingi. Basi alipomwoza binti yake alipewa ruhusa achague vyungu kadhaa vya kupamba uwanja wa harusi. Nilikuwa nyuma yake. Akapita yote yenye vitumba, akachukua meupe makubwa yaliyokwisha kufunguka hadi ukingoni.

"Mzee Hoza," nikamwambia, "mbona huchukui yenye midomo iliyofungwa?"

"Nataka wakwe waone maua, Mwalimu. Sitaki waone ahadi ya maua."

Harusi ilikuwa siku tatu baadaye. Usiku wa kuamkia harusi mvua ikanyesha, maua yale yakanywa maji kama sifongo, yakainama yote. Wakwe walipoingia, mmoja wao, mtani wake, akasimama mbele ya vyungu akasema, "Jamani, wapeni pole maua ya Mzee Hoza. Yamechoka na safari kuliko sisi!" Mpaka leo tukigawana chai, mtu akisema "pole na safari," Hoza anahama benchi.

Nimekueleza kisa hiki kwa sababu hata anayejua, siku ambayo jambo linamgusa mwenyewe, huchagua kwa hamu. Anayechagua mche uliofunguka anachagua siku zilizokwisha kupita. Chagua mfupi, mnene wa shina, majani ya kijani kilichokolea hadi chini kabisa, vitumba vimefungwa. Na katika rangi, kwa Kibiti, chagua njano ndogo. Nyeupe kubwa hutaka usiku wa baridi na hufa kwa mvua. Nyekundu huchujwa na jua, baada ya juma inakuwa rangi ya chai. Ya njano ndogo huvumilia, tena hutoa nyingi, na katika koja wingi ndio unaotakiwa. Mama Ramji hakuomba ua kubwa. Aliomba mlango ujae.

Mwakani pia, mkijaliwa, usipande tena lile shina la kati la zamani. Fukua, utaona machipukizi mapya yamelizunguka. Hayo ya nje ndiyo ya kupanda. La kati limezeeka, litupe.

Jambo jingine dogo. Ramji hutundika karabai mlango wa nyuma usiku anapopokea mizigo. Tumeona hapa kwamba miche iliyo karibu na taa ya mlinzi huchelewa kuweka vitumba kuliko wenzake. Sababu yake wataalamu wanaieleza kwa maneno marefu, lakini kwa ufupi ua hili hutaka giza lake lisivunjwe. Mwombe Mama Ramji aihamishie taa hiyo upande wa pili hadi sikukuu. Yeye ataelewa haraka kuliko mwanawe.

Sasa dawa yenyewe. Vitumba vyote ulivyo navyo lazima vikatwe.

Najua umeiweka barua chini. Ichukue tena.

Wewe umechuma majani ya kunde na ya maboga tangu hujui kufunga kanga. Unakumbuka mama alivyokuwa akiteremka kwenye dungu lake la kuamia ndege, anapita shambani anakatakata ncha za maboga za mboga ya jioni. Nani aliwahi kumwambia kwamba anaua maboga? Kila ncha aliyoikata ilitoa matawi mawili au matatu pembeni, na mboga ikawa nyingi zaidi juma lililofuata. Sevanti ina tabia hiyo hiyo. Nguvu yote sasa inakwenda kwenye kitumba kimoja cha juu. Ukikiondoa, nguvu inarudi chini, inaamsha macho yaliyolala kwenye makwapa ya majani, na kila jicho linakuwa tawi, na kila tawi linaweka vitumba vyake. Tangu siku ya kukata hadi maua mapya yafunguke ni miezi miwili na siku chache. Kutoka leo unaposoma, ikiwa posta haikulala njiani, hadi sikukuu yao kumebaki kama muda huo huo. Haukubaki muda wa kufikiri.

Unavyokata ni hivi. Tumia mkasi uliooshwa. Katika kila tawi shuka chini ya kitumba, uyaache majani manne au matano yenye afya, ukate juu kidogo ya jani. Usishuke hadi kwenye mti mgumu, hapo hapachipui upesi. Hata ikiwa kitumba kimekwisha onyesha rangi ya njano, kikate. Hicho ndicho kitakachokuuma kuliko vyote, na ndicho cha kwanza kukata. Ukimaliza, usikate tena kamwe. Vitakapokuja vitumba vipya viache vyote, simika fito pembeni uvifungie matawi yasilale, na kila baada ya siku chache umpe mche kikombe cha maji yaliyolowekwa samadi.

Ninajua pia kwamba kigumu si mkasi. Kigumu ni watu. Ramji ameviona vitumba kwa macho yake akakubali kushindwa, na sasa ukikata atakuta vijiti. Bi Tausi atasema umerogwa. Wengine watarudia yale uliyoniandikia, kwamba unawalimia Mabanyani maua ya ibada yao. Hao ulishawajibu vizuri, kwamba wewe unalinda kisima cha mumeo, sina la kuongeza. Kwa Ramji, ushauri wangu ni huu: usikate kwa siri. Mtolee Mama Ramji kigoda chake, akae, ukate mbele yake. Unakumbuka siku ile tulipopanda, nilipokata ncha ya mche wa kwanza kwa ukucha, wewe ukapiga kelele, "Kaka, umeukata kichwa!" Yeye alicheka hadi akajifuta machozi. Akasema, "Baba yangu alikuwa akikata hivyo hivyo, na mimi nalia hivyo hivyo." Mtu huyo hahitaji kuelezwa. Na Ramji akitoka dukani kuuliza kumetokea nini, mama yake ndiye atakayemjibu, si wewe.

Siwezi kukuahidi kwamba yatafunguka siku yenyewe. Joto likizidi ua huchelewa, na mimi sijawahi kulilea kwa kiangazi cha Kibiti, nimelilea huku kwenye ukungu. Huenda yakatangulia siku chache, huenda yakachelewa ukatundika yaliyofunguka nusu. Ninalolijua kwa yakini ni moja tu. Ukiyaacha kama yalivyo, siku ya sikukuu hutakuwa na kitu mkononi, na kabla masika hayajaanza kutakuwa na sakafu ya saruji juu ya kazi ya Shomari. Ukikata, unayo nafasi. Nimeipima nafasi hiyo kadiri nilivyoweza, nikaiona inatosha kukuandikia.

Nimefikiria kwamba ruhusa ikitoka baada ya masika, nitafika mchana, nitakuwa na kiu, na ningependa kuteka mwenyewe.

Nisalimie binti yako Fatuma na mumewe kule Ruaruke, mwambie blanketi nililomwahidi lipo, natafuta wa kumpa. Nisalimie mjomba wetu mzee wa Mtunda, na usimweleze habari za kifua changu, atakuja na mizizi yake ya kuchemsha hadi huku. Nisalimie mwalimu wa chuo cha Kurani aliyekufundisha herufi za kwanza kabla yangu, kwani sifa ya mwandiko wako ni yake. Mama Ramji mpe salamu za heshima, na Bi Tausi mpe salamu na shada la mchicha, apate la kutafuna badala ya maneno. Watu wa huku nao wanakusalimu, hasa Mzee Hoza, ambaye anasema kama koja litapatikana basi yeye atakuja kujifunza Kibiti.

Ni mimi kaka yako akupendaye, ingawa husema nakupenda kwa masomo,

Abdallah

Sasa kunja barua hii, osha mkasi, mwite Mama Ramji, ukate vitumba vyote leo.